Mdogo Wangu, Wati 97 Zimekwenda Wapi?

Barua ya leo imetoka Mwanza, na aliyeiandika ameniomba nisimtaje jina kwa sababu mwenye nyumba wake naye husoma ukurasa huu. Basi nitamwita Mdogo wa Mwanza, na mwenye nyumba akijitambua, shauri yake.

Huyu mdogo ana leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, ana redio ya wati 100 aliyoinunua kwa kujinyima, na ana ua wa nyumba ya kupanga. Alichoruhusiwa kusimamisha ni fimbo moja ya alumini isiyozidi mita 2.5, kando ya kamba ya kuanikia nguo. Anataka kuzungumza kwenye bendi ya mita 40, megahezi 7.1, ambako fimbo ya wima ya robo ya wimbi huwa na mita 10 na nusu. Yake haifikii hata robo ya hiyo. Fimbo fupi namna hii, redio huiona kama kapasita, na dawa yake inayojulikana ni koili: waya uliosokotwa na kuunganishwa na fimbo, ili uifute ile tabia ya ukapasita na antena ikubali masafa yake.

Hakukurupuka. Alipakua 4nec2, programu ya kuchora na kukokotoa antena, akachora fimbo yake, akaweka koili chini kabisa, akachagua ardhi, akabonyeza. Programu ikampa majibu matamu: koili ya maikrohenri 15.6, antena imekaa sawasawa kwenye 7.1, geini 4.8 dBi. Akachora na fimbo kamili ya mita 10 na nusu ili alinganishe: 5.2. Tofauti haifiki hata nusu desibeli! Akaona kumbe mwenye nyumba hakumwonea hata kidogo.

Akajenga. Alipigilia nondo moja ardhini iwe athi, akasuka koili kwa waya mwembamba alioutoa kwenye mota ya feni iliyoungua, mizunguko imebanana kama safu ya askari, akapima. SWR, kipimo cha jinsi antena inavyopatana na kebo, ikawa 1.1. Kutoka 7.0 mpaka 7.2 hakugusa kitu. Mwenyewe anaandika kwamba antena “imekubali bila ubishi”. Kasoro anaziona mbili tu: koili inapata moto akizungumza dakika mbili tatu, na hakuna anayemsikia. Yeye anawasikia watu wa Nairobi, wa Afrika Kusini, mpaka Waitaliano usiku, akiwaita, kimya.

Anauliza: “Dada, programu imenidanganya, au koili nimeisuka vibaya?”

Nilicheka, mdogo wangu, na usinichukie. Nilicheka kwa sababu niliiona sura yangu mle ndani ya barua. Miaka ile ninaanza, niliweka fimbo fupi juu ya paa la nyumba ya mama, na kila mahali programu iliponiuliza habari za upotevu niliandika sifuri. Nilidhani sifuri ni kuacha wazi. Kumbe sifuri ni jibu. Nilikuwa naiambia kompyuta, kwa kinywa changu, kwamba waya wangu hauna ukinzani, koili yangu haina ukinzani, na udongo wa kwetu ni bati la shaba lisilo na mwisho. Nayo ikaniamini. Programu ni mgeni mstaarabu: haitazami chini ya kitanda.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi tuufunue.

Rudi kwenye lile jedwali ulilolipita haraka, linaloonyesha ukinzani pale kebo inapoungana na fimbo. Najua limeandika kiasi cha omu 1.4, maana hesabu hiyo unaweza kuifanya hata nyuma ya bahasha: gawanya urefu wa fimbo kwa urefu wa wimbi, 2.5 kwa 42.25, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 395. Huo ndio ukinzani wa kurusha. Si kitu cha kushikika. Ni namna kebo inavyouhisi mzigo wa nguvu inayoondoka kwenye fimbo na kwenda hewani. Sasa njoo uani. SWR 1.1 kwenye kebo ya omu 50 maana yake mita imeona kitu kama omu 46. Modeli inasema 1.4, ua unasema 46, nawe ukapiga makofi!

Hizo omu 44 na ushee zilizozidi hazirushi kitu. Ni joto. Gawanya 1.4 kwa 46, utapata asilimia 3. Redio inatoa wati 100, hewani zinafika 3. Ni sawa na kumtumia mama laki moja kwa simu, yeye akapokea elfu tatu, nawe ukalala umefurahi kwa sababu ujumbe wa kwamba muamala umekamilika ulikuja haraka. SWR ni ule ujumbe. Inakwambia pesa zimeondoka kwako, haikwambii zimemfikia nani.

Na yale mengine uliyoyasifu ni dalili zilezile. Fimbo fupi yenye afya ni kali kama mchumba wa Kitanga: inakubali masafa membamba sana, ukisogea kidogo inanuna. Antena yako iliyokubali bendi nzima bila ubishi imekubali kwa sababu ukinzani wa joto umeifanya legevu. Koili nayo inachemka kwa kuwa waya ule wa mota, mwembamba na uliobanana, naukadiria una Q, yaani uwiano wa riaktansi (upinzani wa koili usiogeuka joto) kwa ukinzani wake, ya 80 hivi. Fimbo yako inahitaji riaktansi ya omu kama 695. Gawanya kwa 80, koili peke yake ina ukinzani wa omu 8.7. Kati ya wati zako 100, zipatazo 19 zinaishia pale, karibu sawa na pasi ndogo ya solda. Usiiguse.

Umebaki na omu 36. Hizo ni za udongo, na zimemeza wati 78. Kwa hiyo ukiniuliza kama koili ndiyo mchawi wako, nitakwambia koili ni mwizi mdogo wa kuku. Mwizi wa ng'ombe yuko chini ya miguu yako.

Lakini tuanze na huyu mwizi mdogo, maana ndiye uliyemuulizia.

Ndani ya 4nec2 na ndugu zake wengi mna injini ya zamani inayoitwa NEC, kazi ya Gerald Burke na Andrew Poggio kwenye maabara ya Lawrence Livermore, California. Toleo la NEC-2, ambalo ndilo unalotumia, ni la mwaka 1981, na lilirithi desturi za enzi za kadi za kutobolewa. Ndiyo maana mpaka leo kila mstari wa faili huitwa kadi: GW ni waya, GH ni springi, LD ni mzigo. Koili uliyoiweka ni kadi ya LD. Kadi hiyo ina nafasi ya indaktansi na ina nafasi ya ukinzani, na ukiiacha ya ukinzani bila kitu, injini inasoma sifuri, yaani koili ya peponi. Jaza. Chukua riaktansi, gawanya kwa Q, andika jibu. Hujui Q ya koili yako? Koili za kujisukia nyumbani nyingi huangukia kati ya 100 na 300. Weka 100 uone, weka 300 uone. Tayari umeshajua ukweli umelala kati ya kuta zipi.

Koili nzuri kwa fimbo yako haihitaji maajabu. Nunua kipande cha bomba la PVC la milimita 50 na waya wa shaba wa milimita 1.5. Kwa kanuni ya Harold Wheeler ya mwaka 1928, ambayo mafundi bado wanaiapia, mizunguko 24 iliyotandazwa kwa sentimita 7 inakupa maikrohenri 15 na kidogo, ya 25 inakupitisha kwenye 16. Kati ya mzunguko na mzunguko patabaki nafasi karibu sawa na unene wa waya wenyewe, na hiyo ndiyo nafasi inayopendeza. Mizunguko ikibanana, mkondo wa waya mmoja unausukuma wa jirani yake upande mmoja, na kwa masafa haya mkondo tayari unatembea kwenye ngozi tu ya shaba, unene wa milimita 0.025. Ukiukandamiza zaidi, unaulipia kwa joto. Koili kama hii naipa Q ya 200 bila wasiwasi. Ukinzani wake unashuka kutoka 8.7 hadi 3.5.

Sasa mwizi wa ng'ombe.

Kwenye menyu ya ardhi ulichagua ardhi kamilifu, nina hakika, kwa sababu ile 4.8 haitoki kwingine. Ardhi kamilifu haipo duniani, na Mwanza ndiyo kabisa haipo. Mji umekaa juu ya matale! Ukiacha mawe, msidanganywe na ziwa pia: maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya kupitisha umeme. Anayebahatika ni msomaji wangu wa Pemba au Lamu mwenye fimbo pale maji chumvi yanapolamba mchanga; bahari hupitisha umeme mara elfu moja kuliko udongo wa kawaida. Ziwa si bahari.

Na msikimbilie kubadilisha menyu mkadhani mmepona, maana hapa pana mtego wa pili. Wanaotumia EZNEC ya Roy Lewallen, ambayo tangu Januari 2022 ni ya bure, wataikuta aina ya ardhi inayoitwa MININEC. Hiyo, inapokokotoa mawimbi ya mbali, hutumia udongo ulioutaja. Lakini inapokokotoa ukinzani wa fimbo, inahesabu kana kwamba chini pana bati la shaba. Kwa hiyo omu zako 36 hazionekani popote. Ukichagua ile ardhi ya hesabu nzito, ya Sommerfeld, kisha ukagusisha fimbo na udongo moja kwa moja, NEC-2 itakupa namba ya ukinzani, lakini usiiamini. Na waya za kuzikwa haiwezi kabisa. Hizo ni kazi ya NEC-4 na inayofuata, na leseni yake inauzwa. Kwa NEC-2 watu huziinua waya za chini sentimita chache juu ya udongo, wakapata makadirio tu.

Mimi nina njia ya mkato, ya kiswahili zaidi. Naiacha ile ardhi ya MININEC, halafu kwenye kipande cha chini kabisa cha fimbo naongeza mzigo wa pili, ukinzani mtupu, bila indaktansi. Naubatiza “udongo”. Nakwenda uani, napima ukinzani halisi kwa NanoVNA, kile kipimo kidogo cha antena, narudi mezani, naupandisha ule udongo mpaka modeli isome namba ileile. Basi. Sasa nina modeli inayoijua nyumba yangu, siyo ya maabara ya California, na naweza kuiuliza maswali ya maana: nikiongeza waya je? Nikihamisha koili je?

Tuiulize. Ondoa akili kwenye nondo. Nondo ni ya radi, si ya mawimbi. Mawimbi yanahitaji njia ya kurudi iliyo tambarare, kuzunguka fimbo. Mwaka 1937 Brown, Lewis na Epstein wa RCA, Marekani, walichapisha majaribio yao ya kutandaza waya ardhini, kuanzia 2 mpaka 113, na moja ya waliyoyaona ni hili: waya zikiwa chache, kuzirefusha hakusaidii. Wewe huna nafasi ya waya ndefu, basi jambo hili ni la heri kwako. Usitafute waya nne za mita kumi na mbili. Tandaza 16 za mita tatu tatu, chini ya kamba ya nguo, zikanyagwe, zifunikwe na majani. Waya chakavu wa umeme wa nyumba unatosha, na ganda lake usilibandue. Ukiona upotevu wa udongo umeshuka kutoka omu 36 hadi kama 10, umefanya kazi ya mwanamume, au ya dada yako.

Jumlisha: 1.4 ya kurusha, 3.5 ya koili, 10 ya udongo. Omu 14.9. Ufanisi asilimia 9 na kitu. Umezidisha nguvu yako ya hewani mara tatu bila kununua redio nyingine. Na sasa sikiliza vizuri: SWR yako itaharibika. Itapanda mpaka 3.4. Nimewaona vijana wakifika hapa wanang'oa waya zote, wanarudi kwenye nondo yao, wanasema waya za chini “zimeivuruga antena”. Nakuomba usiwe mmoja wao. Kuilainisha SWR ni kazi ya koili ndogo ya maikrohenri 0.7 inayounganishwa chini, kutoka kwenye fimbo hadi kwenye waya za ardhini, huku ile koili kubwa ukiipunguza nusu maikrohenri. Masafa nayo yatakuwa membamba, kilohezi mia hivi badala ya bendi nzima. Uzuri una gharama zake.

Hapo ungeweza kuishia. Lakini najua hutaishia, kwa sababu mwisho wa barua umeuliza, kwa maandishi madogo kama unaona haya, “au niipandishe koili katikati?”

Ndiyo, ipandishe, na sababu yake ni nzuri. Koili ikiwa chini, mkondo kwenye fimbo huanza mkubwa na kupungua hadi sifuri kileleni, umbo la pembetatu. Kinachorusha ni eneo la umbo hilo. Koili ikiwa katikati, nusu ya chini ya fimbo inabaki na mkondo karibu uleule, na pembetatu inabanwa kwenye nusu ya juu. Eneo linakua mara moja na nusu, na ukinzani wa kurusha unakua kwa mraba wake, mara 2.25: kutoka 1.4 hadi 3.1. Bei yake ni kwamba kipande kifupi cha juu kinadai koili karibu mara mbili, maikrohenri 31, na ukinzani wake nao unafika omu 7. Jumla omu 20, ufanisi asilimia 15. Mara tano ya ulipoanzia.

Hapa ndipo anayeacha ukinzani wa koili kuwa sifuri anapotea kabisa. Modeli yake itamwambia kila unapoipandisha koili unapata faida, panda, panda tena, mpaka kileleni. Koili inavyopanda ndivyo indaktansi inavyovimba na joto linavyoongezeka, lakini modeli iliyofichwa joto haiwezi kuliona. Ukiandika Q ya kweli, utaona faida inapanda, inalegea, kisha inageuka hasara. Kwa fimbo nyingi za namna hii kilima chake kipo mahali fulani kati ya nusu na theluthi mbili ya urefu, na ni kilima cha mteremko mdogo, kwa hiyo usigombane na sentimita.

Na kama unataka zaidi, vika fimbo kofia: miale minne ya waya mgumu kileleni, kama gurudumu la baiskeli lisilo na ringi. Mkondo unakuwa na pa kwenda, pembetatu inakaribia kuwa mstatili, ukinzani wa kurusha unaweza kusogelea 5.5, na koili inapungua badala ya kukua. Mwenye nyumba amekataza urefu. Kuhusu upana hakusema kitu.

Sasa koili ikiwa katikati, linakuja jambo ambalo wapenzi wa redio wamegombania miaka na miaka mpaka wengine hawasalimiani: mkondo unaoingia chini ya koili ni sawa na unaotoka juu? Kambi moja inasema fimbo yako ina digrii 21 tu za wimbi kati ya 90, kwa hiyo koili “inabeba” 69 zilizopungua na mkondo ndani yake unashuka kwa kiasi hicho. Kambi nyingine inasema koili ni koili, kinachoingia ndicho kinachotoka. Uamuzi wangu dada yenu: koili haidaiwi digrii na mtu. Koili ndogo ya kusukwa kwenye pete ya feraiti hutoa juu karibu mkondo uleule iliopokea chini. Koili ndefu, iliyosimama hewani, hutoa pungufu, kwa sababu mwili wake una ukapasita na hewa na ardhi, na sehemu ya mkondo inavujia huko njiani, kama maji kwenye bomba lenye vitobo vidogo. Ni kiasi gani? Inategemea ukubwa wa mwili, si digrii zilizopungua.

Kadi ya LD haina mwili. Ni nukta. Mkondo unaoingia ndio unaotoka, daima. Kwa koili ya chini, fupi, hilo halina madhara ya kukunyima usingizi. Kwa koili ya katikati, kwanza igawanye fimbo vipande 21, uweke mzigo kwenye kipande cha 11. Namba ikiwa shufwa, katikati hapana kipande. Kila kipande kitakuwa na sentimita 12 hivi, na kwa bahati njema koili ya maikrohenri 31 kwenye lile bomba la milimita 50 ni mizunguko 42 kwa sentimita 12. Mwili na kipande vimelingana. Hapo nukta yako inakuwa imekaa mahali pake, na majibu yatakaribia ukweli.

Anayetaka kuiona koili ikivuja, aichore kama springi. 4nec2 inaikubali kadi ya GH, na EZNEC ina chombo chake cha kutengeneza springi. Weka pande nane kwa kila mzunguko. Lakini kumbuka pembenane iliyochorwa ndani ya duara ina eneo pungufu kwa asilimia 10, na indaktansi inapungua kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo ongeza nusu kipenyo kwa asilimia 5 hivi ili ulipe deni. Injini nayo haijui habari ya waya kusukumiana mkondo. Inadhani mkondo umezunguka kila waya sawasawa. Ukinzani wa springi utakuja mdogo kuliko wa kweli, na waya zikikaribiana mno hata indaktansi huanza kuyumba. Mimi huitumia springi kujua umbo la mkondo tu, hasara naitoa kwenye kipimo. Na tafadhali, ukishachora springi, ile LD ya indaktansi iondoe. Mara mbili nimetumiwa faili zenye koili ya mwili na koili ya nukta kwa pamoja, na mwenye faili analalamika antena inakaa kwenye megahezi 5.

Jambo dogo la mwisho kuhusu koili. Ukiipima kwa kile kimita cha indaktansi cha bei rahisi, kinapima kwa masafa ya chini. Koili yenyewe ina masafa yake ya asili, na kadiri unavyoyasogelea ndivyo inavyojifanya kubwa. Koili ambayo asili yake ni megahezi 21, kwenye 7.1 hujionyesha kubwa kwa asilimia 13. Basi antena ikikaa chini ya ulipoitarajia, usilaumu modeli. Punguza mizunguko miwili mitatu.

Na ulinzi, mdogo wangu, maana huo ni ua wa watu. Kwa wati 100, antena ikiwa na ukinzani wa omu 15, juu ya ile koili ya chini panafika volti 1,800. Haiui kirahisi, lakini inaunguza nyama mpaka ndani, na mtoto anayefuata mpira hajui redio iko hewani. Zungushia wavu, hata kama koili umeipandisha katikati. Mvua za ziwa nazo mnazijua zinavyokuja na radi: wingu likijenga, chomoa kebo, uende ukapike.

Ukimaliza kutandaza waya, niandikie tena. Nitumie urefu wa fimbo, kipenyo na idadi ya mizunguko ya koili, idadi ya waya za chini, na ukinzani uliousoma kwenye NanoVNA pale masafa yanapokaa, kabla hujaweka ile koili ndogo ya kulainisha. SWR usiiandike.